Mzoga Mlangoni pa Burulsun

Ofisi ya Biashara ya Wilaya
4 Septemba 1998

Mdogo wangu Medetkul,

Salamu za nyumbani nitaziweka mwisho, maana nikianza nazo nitapoa, na leo sitaki kupoa.

Jumapili watu wa kiwanda chenu walikuja Chong-Tala na gari lenye picha ya farasi ubavuni. Wakapanga meza mbele ya duka, na wasichana wawili wenye kofia za bluu wakaanza kuwamiminia watu vodka yenu bure. Kikuku cha Fedha, ati ndilo jina lake! "Onja baba, onja mjomba." Hiyo ni saa nne asubuhi. Saa saba mmoja wa wasichana akatangaza kwamba chupa iliyobaki atapewa mwenye sauti kubwa kuliko wote. Wakapiga kelele weee, kisha wakapigana. Nilipofika na askari wetu, fundi viatu Ysmail alikuwa amekaa chini, sikio lake kalishika mkononi, analitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Aliyemkata ni mkwewe. Mwingine alipigwa kwa chupa ile ile ya zawadi na daktari anasema jicho halitarudi. Wasichana wenu walikuwa wamepanda juu ya gari wanalia, na dereva anakunja meza.

Wewe unaita hiyo "kuonjesha". Mimi nimeandika rasimu ya amri, na mkuu wa wilaya ameahidi kuisaini. Kiwanda chochote kikitaka kuonjesha pombe dukani, kitoe taarifa siku kumi kabla. Mtu ataonja mara moja, kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa. Hakuna chupa za zawadi, hakuna mashindano, na siku ya soko hakuna kabisa. Mwenye duka akivunja amri, duka linafungwa.

Sikuandikii kwa sababu ya sikio la Ysmail. Nakuandikia kwa sababu ya Jangoroz. Mdogo wetu ana miezi kumi na minne hajagusa pombe. Unakumbuka tulivyomtoa mtaroni na barafu kwenye nyusi? Unakumbuka usiku alipomtupa mama ukutani? Sasa anaamka mapema, anafuga farasi wake, anamkatia mama kuni. Magari yenu yasikanyage kijijini kwetu. Sikuombi kama ofisa. Nakuomba kama dada yako.

Mama hajambo. Ng'ombe amezaa.

Zuurakan

*

Bishkek
11 Septemba 1998

Dada yangu mwenye muhuri,

Shikamoo, na pole kwa sikio la watu. Nimecheka na nimehuzunika, kwa mpangilio huo, na najua utanikaripia. Wale wasichana walishafukuzwa kazi. Ilikuwa upuuzi wao. Mimi nafanya kazi ya kistaarabu, navaa tai, nina kadi yenye jina langu.

Amri yako ni nzuri. Nasema kweli! Mabosi wangu wenyewe hawataki damu kwenye lebo. Ila nina neno moja tu, na mimi si mtu wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Umeandika "hakuna zawadi, hakuna mashindano". Je, ulak? Vijana wakipanda farasi, wakanyang'anyana mzoga wa mbuzi, aliyeshinda akautupa mlangoni pa mtu anayemheshimu, yule mwenye mlango hutoa nini? Hutoa kondoo, hutoa vazi, hutoa chupa. Babu alitoa ndama. Kwa amri yako, babu angelala rumande.

Watasema Zuurakan amesoma mjini akarudi kuchukia mila zetu. Weka mstari mmoja tu wa kulinda desturi. Ni kwa faida yako. Unaishi na wale wazee, mimi niko mbali.

Kuhusu Jangoroz, ondoa shaka. Naye ni damu yangu. Nimeapa kwa maziwa tuliyonyonya kwamba tone la vodka halitapita kinywani mwake kwa mkono wangu.

Nakutumia skafu. Usiseme ni hongo, ni skafu tu.

Medetkul

*

Ofisi ya Biashara ya Wilaya
20 Septemba 1998

Medetkul,

Skafu nimempa mama.

Nimeutafakari mstari wako siku mbili. Na kweli, wazee wanne walikuja ofisini kuuliza kama ulak imepigwa marufuku, na mmoja akapiga fimbo mezani mpaka wino ukamwagika. Kwa hiyo nimeongeza: "Amri hii haihusu zawadi ambayo mwenye nyumba anaitoa kwa hiari yake kwa mshindi wa ulak." Mkuu wa wilaya alisaini Jumanne, kisha akaenda zake kutibiwa mgongo kwenye maji moto kwa mwezi mzima. Amri imebandikwa kwenye maduka yote kumi na tisa.

Wiki hii pekee nimefungia maduka mawili. Kwenye la pili mwenye duka alinirushia jiwe la mizani likapita karibu na kichwa changu. Nimeliweka mezani kwangu, linazuia karatasi kupeperuka.

Nimekusikiliza, Medetkul. Usinifanye nijute.

Zuurakan

*

Bishkek
2 Oktoba 1998

Dada mpenzi,

Kaa chini kwanza, kunywa chai, halafu usome.

Tarehe 17 kutakuwa na ulak kijijini kwetu, farasi ishirini na tatu, vijana wa bonde la juu dhidi ya wetu. Mlango umechaguliwa: ni wa Burulsun. Najua yeye ni shoga yako wa tangu darasa la kwanza. Najua pia chumba chake cha mbele ni duka. Lakini nyumba ni nyumba, na mwenye nyumba ni yeye. Kila mzoga ukianguka mlangoni pake, yeye kwa hiari yake atatoa chupa ya Kikuku cha Fedha na kumimina ya kwanza kwa mshindi. Chupa hizo ni mali yake, kiwanda kilimpa zawadi wiki iliyopita pamoja na friji yenye mlango wa kioo. Hakuna meza yetu, hakuna wasichana, hakuna gari. Mimi nitakuwa mgeni tu, nimevaa kofia ya baba. Soma mstari wako, utaona kila kitu ni halali.

Mabosi wamefurahi mno. Wanasema nikifanikisha hii, mikoa yote ya kusini ni yangu.

Na Jangoroz atapanda! Nani mwingine? Watu wanakuja kwa ajili yake tu. Nimemwekea kiriba cha kumis. Maziwa ya farasi hayajamuua mtu. Akishinda, chupa wataichukua wenzake.

Ungemwona nilipomwambia. Tangu aache pombe hakuna aliyemwita mahali popote, dada. Watu wanamkwepa kama mgonjwa. Nilipomwambia, alisimama wima.

Medetkul

*

Ofisi ya Biashara ya Wilaya
8 Oktoba 1998

Wewe nyoka,

Mstari niliouandika kwa ajili ya babu umeuvisha lebo. Nimejaribu kuufuta, siwezi, mwenye saini yuko kwenye maji moto na simu ya huko haipokelewi. Nimeenda kwa mwendesha mashtaka, akausoma, akacheka, akasema, "Umewafungulia mlango wa nyuma mwenyewe, mama."

Nimeenda kwa Jangoroz pia. Alikuwa anamsugua farasi kwa brashi. Nikamwambia asipande. Akaniuliza, "Dada, unaogopa pombe au unaniogopa mimi?" Nikasema pombe. Hakuniamini, na labda alikuwa sahihi. Nikimtazama bado naona mama ukutani.

Futa hii sherehe. Kama huifuti, akinywa hata tone, akaanguka, akaumia, akaumiza mtu, usirudi nyumbani kwetu. Mimi mwenyewe nitakukamata kwa meno.

Zuurakan

*

Ofisi ya Biashara ya Wilaya
9 Oktoba 1998

Burulsun, shoga yangu,

Nakutumia hii pamoja na karatasi rasmi. Karatasi ina muhuri, nimeiandika kwa mkono ili hata waliokunywa waelewe:

"Kwa agizo la Ofisi ya Biashara. Baada ya mzoga wa tatu mlango huu ufungwe na zawadi zisitolewe tena, hata anayeleta mzoga akiwa ndugu yangu Jangoroz. Mwenye duka anatii agizo hili. Zuurakan, Mkaguzi."

Tatu ni mila, zaidi ya hapo ni biashara ya kiwanda. Wakipiga kelele, inua karatasi waione. Medetkul asijue mpaka siku yenyewe.

Zuurakan

*

Kijijini
12 Oktoba 1998

Shoga wewe,

Karatasi imefika, imeletwa na dereva wa gari la maziwa ndani ya mfuko wa sukari, nusura niichemshe na chai.

Hebu niambie, ulizaliwa hapa kwetu au ulidondoka na mvua ya mawe? Nani amewahi kufunga mlango mbele ya ulak? Mume wangu, Mungu amrehemu, alitupiwa mzoga siku ambayo hatukuwa hata na unga. Alivua koti lake, akalitoa, akabaki anatetemeka huku anacheka. Mtu akikuletea mzoga amekuheshimu mbele ya watu. Ukimfungia umemtemea mate usoni, yeye, farasi wake na waliomzaa. Wewe unajua. Ulikuwa unakaa na mimi juu ya ukuta tukiwatazama.

Usinione mpumbavu kwa friji. Nilipochukua nilidhani wanataka niweke soda zao tu. Kaka yako ana ulimi, angeweza kumuuzia samaki maji. Chupa zilipofika, kreti kumi na mbili, nikajua nimeshaingia, na nikizirudisha wataichukua friji na kukiambia kijiji kizima kwamba nimekataa kuwa mwenyeji.

Nitafanya ulivyosema. Nakuamini wewe kuliko ninavyouamini mlango wangu, na ule mlango ni mbao za kasha. Lakini njoo, Zuurakan. Njoo usimame nami. Mimi nikiinua karatasi wataona mjane na karatasi. Wewe ukiinua wataona mkaguzi. Nitapika maandazi yetu ya boorsok ya kutosha, tutakula kabla hawajaanza.

Shoga yako,
Burulsun

*

Kijijini, kwa mama
19 Oktoba 1998

Dada,

Umeshasikia, lakini umesikia kwa watu. Sikia kwangu.

Mpaka mzoga wa tatu mambo yalikwenda vizuri. Wa kwanza aliuleta Jangoroz. Wa pili mtu wa bonde la juu. Wa tatu Jangoroz tena, mdomo umepasuka, anacheka na meno mekundu. Burulsun alitoka kila mara, akatoa chupa, wanawake wakapiga vigelegele. Sikuwahi kuona watu wakimpenda mdogo wetu vile. Wazee waliokuwa wakimwita mlevi walimshika goti wakamwombea dua.

Halafu mara ya nne. Alikuja kutoka mtoni, mzoga kaubana chini ya paja, watu wawili nyuma yake wanamchapa mijeledi mgongoni mpaka shati lilikuwa matambara. Akautupa. Ukaanguka kwenye kizingiti. Na mlango ukafungwa.

Ulifungwa, dada. Nilisikia komeo. Kila mtu alisikia. Mtu wa bonde la juu akacheka, akasema kwa sauti, "Shujaa wenu anafungiwa kama mbwa." Wetu wakamshukia na mijeledi. Sekunde moja tu, farasi ishirini na tatu wakawa rundo moja. Niliona mtu akiburuzwa mguu umenasa kwenye kikuku cha tandiko, kichwa kinagonga mawe ya ukuta. Huyo hajafa, lakini hazungumzi. Niliona mzee akimpiga mtu kwa mguu wa mbuzi. Na Jangoroz akamgeuza farasi wake, akampiga kwa visigino, farasi akauvunja mlango kwa kifua.

Waliingia wote wawili, yeye na farasi. Rafu zikaanguka. Kreti zote zile, dada, unaweza kufikiria sauti. Burulsun alikuwa nyuma ya kaunta, mkono juu. Nilikuwa kizingitini, nikamwona Jangoroz akimpiga kwa mpini wa mjeledi, mara moja, hapa, juu ya sikio. Akaanguka kwenye vioo. Farasi aliteleza kwenye vodka, akahangaika kusimama, akamkanyaga kifuani. Burulsun alikata roho kwenye gari kabla hatujafika darajani.

Sasa sikiliza. Jangoroz hakunywa. Kumis tu, nakuapia. Alipandwa na hasira ya kufungiwa, na aliyeua ni farasi. Tukisema hivyo sote, itaitwa ajali ya mchezo, nayo hutokea. Mtu akitaja vodka, mabosi watanitupa mimi na watamtupa yeye.

Na jambo moja. Kwenye vioo niliokota karatasi. Ina damu lakini muhuri unasomeka. Ninayo mfukoni. Wewe ukinyamaza juu ya chupa, mimi nitanyamaza juu ya karatasi.

Medetkul

*

Ofisi ya Biashara ya Wilaya
24 Oktoba 1998

Medetkul,

Nimemwosha Burulsun kwa mikono hii. Tulikuwa wanawake watatu kwenye hema la msiba. Tulitoa vioo kwenye nywele zake mpaka bakuli likajaa, na kifua chake kilipoguswa kilizama. Mguu wa farasi ulikuwa umechorwa pale, kamili, unaweza kuhesabu misumari ya kiatu chake cha chuma. Nilimfunga taya kwa skafu yako. Mama ndiye aliyenipa, hatukuwa na kitambaa kingine karibu. Ujue hivyo, ujue zawadi yako iko wapi.

Kisha nikasoma barua yako, wewe unayenipangia bei ya kunyamaza.

Huna cha kuniuzia. Karatasi nimeshaitaja mwenyewe. Nimemwambia mwendesha mashtaka kwamba niliiandika, kwamba Burulsun aliniomba nije nisimame naye, na kwamba nilibaki ofisini nikijidanganya kuwa muhuri una miguu. Niliogopa kugombana nawe mbele ya kijiji. Basi. Nilikuwa na jiwe la mizani mezani, nikajiona jasiri, na siku ya ujasiri nilikaa kwenye kiti napanga faili. Kazi nimeacha. Kabla ya kuacha nilimpigia mkuu wa wilaya mpaka akapatikana, na ule mstari umefutwa.

Lakini usidhani nitakusaidia kusema mdogo wetu hakunywa. Watu kumi na mmoja wamesema walimwona akinywa kila alipotupa mzoga, na wa kwanza kumshikisha glasi ni wewe, na kofia ya baba kichwani. Kwa maziwa gani uliapa? Nitasimama mahakamani niseme alikuwa mlevi, pombe iliyompiga Burulsun ni ya kiwanda, na kiwanda kiliingia kwa mlango wa desturi uliofunguliwa na dada yake. Wakili anasema tukilithibitisha hilo, wakubwa wenu watakaa kizimbani pamoja naye na kifungo chake kinaweza kupungua. Huo ndio uhai wake wote uliobaki. Sitakuachia uuharibu.

Nataka kitu kimoja kwako, na baada ya hapo usiniandikie tena. Ulikuwa kizingitini. Niambie Jangoroz hakuiona ile karatasi. Vumbi, farasi, kelele, damu machoni. Asingeweza kusoma. Niambie hivyo tu.

Zuurakan

*

Rumande ya Wilaya
15 Novemba 1998

Dada Zuurakan,

Medetkul alikuja akanionyesha barua yako. Amesema nikujibu mimi, akaniachia kalamu. Amekonda. Kiwanda kimemfukuza, sijui kama umesikia. Alilia hapa mpaka askari akamtoa.

Mama naye amesema mnagombana, mmoja anataka isemwe nilikuwa mlevi, mwingine anataka isemwe sikuwa. Naandika ili muache.

Nilikunywa glasi tatu. Ya kwanza kaka alinishikisha, akaninong'oneza, "Lowesha mdomo tu, watu wanatazama." Nikaimaliza. Mbili zilizofuata nilichukua mwenyewe. Lakini mlevi namjua, nimekuwa yeye miaka tisa. Mlevi hakumbuki. Mlevi anaambiwa kesho yake. Mimi nilipomtupa mama sikujua mpaka mliponiambia. Siku hii hakuna aliyehitaji kuniambia chochote. Nakumbuka mpaka rangi ya vifungo vyake.

Nilivunja mlango kwa hasira, ni kweli. Nilitaka kuuvunja ule mlango na kutupa mzoga juu ya kaunta, wacheke wote, basi, nirudi. Sikuwa na neno na Burulsun. Yeye hakunitukana. Alisema, "Jangoroz, mboni ya jicho langu, shuka, soma, si mimi, ni ya dada yako." Akainua karatasi.

Niliiona, dada. Ilikuwa karibu na uso wangu, na mwanga wote wa mlango uliovunjika uliiangukia. Herufi zako nazijua, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Nikasoma mpaka penye jina langu. "Hata anayeleta mzoga akiwa ndugu yangu Jangoroz." Miezi kumi na mitano nilikuwa najiambia watu wote waniogope, dada ananijua. Siku ile watu wote walikuwa wameacha kuniogopa. Aliyebaki ni wewe.

Pigo lile lilikuwa lako. Hukuwepo, likampata yeye.

Wakili amenishauri niseme sikumbuki. Nitamwambia hakimu kama nilivyokuandikia. Usije mahakamani.

Jangoroz